Fuko wa Mutuini na Kicheche wa Uingereza



Mtu akishuka katika soko la Dagoretti asubuhi na mapema, baada ya mvua ya usiku, akaifuata njia iendayo Mutuini, ataona katika mashamba yaliyo kando ya njia vilima vidogo vya udongo mwekundu. Ukubwa wa kila kimoja ni kama sufuria iliyopinduliwa. Udongo wake ni mbichi na laini, kana kwamba umepepetwa kwa ungo. Hakuna alama ya jembe wala ya mguu wa mtu. Mgeni atapita bila kuuliza neno, lakini mwenye shamba akiviona vilima hivyo hushika kiuno, maana anajua kwamba usiku huo kuna aliyekula viazi vyake bila kubisha hodi.

Mnyama huyo ni fuko. Wakikuyu humwita kwa lugha yao huko, jina ambalo mtu wa pwani akilisikia hudhani kwamba anaonyeshwa mahali. Hadithi ya leo ni hadithi yake, na ya watu wamkamatao. Na pamoja nayo itasimuliwa habari ya mnyama mwingine wa mbali, kwa sababu wako watu wadhanio kwamba mnyama huyo angeweza kuwa msaada.

Mutuini imo katika Dagoretti, upande wa magharibi wa Nairobi. Zamani sehemu hiyo ilihesabiwa katika Wilaya ya Kiambu, na mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963 ikaingizwa katika mji. Tangu hapo barabara zimetengenezwa, nyumba za mawe zimejengwa, na vyumba vya kupangisha vimesimama palipokuwa na mibuni na mahindi. Hata hivyo ukulima haujakoma. Shamba la babu liligawiwa wana, na la wana likagawiwa wajukuu, hata leo watu wengi wana kipande kisichofika ekari moja. Katika kipande hicho mna nyumba, banda la ng'ombe mmoja wa maziwa, migomba michache, sukuma wiki, mahindi na maharagwe, matuta ya viazi vitamu, na mstari wa majani ya napia ya kumlisha yule ng'ombe.

Kwa mwenye shamba la ekari mia, fuko mmoja si kitu. Kwa mwenye kipande cha Mutuini, fuko mmoja ni hasara iingiayo mpaka jikoni. Fuko hali majani ya juu tu kama mbuzi, ambaye akifukuzwa mmea huweza kuchipua tena. Yeye hula mizizi na viazi chini ya ardhi, na mwenye shamba haoni kitu mpaka mambo yameharibika. Shina la napia husimama likiwa la kijani, kisha hugeuka rangi ya manjano; mtu akilishika hung'oka mkononi bila nguvu, kwa kuwa chini halina kitu. Tuta la viazi vitamu huonekana limejaa majani mazuri, na siku ya kuchimba hutoka maganda na vipande vilivyotafunwa. Mashina kumi ya napia yakifa, ng'ombe hupungukiwa chakula. Ng'ombe akipungukiwa chakula maziwa hupungua. Na katika nyumba nyingi za huko maziwa ndiyo yanayonunua madaftari ya watoto na sukari ya chai.

Basi yafaa kumjua adui huyu vizuri. Fuko wa nchi za juu za Kenya ni mnyama wa jamii ya panya. Mwili wake ni mnene na wa mviringo, shingo haionekani, mkia ni mfupi, na macho ni madogo sana ingawa si kipofu kama wengi wasemavyo. Watoto wake huwa weusi, na wakubwa huwa na rangi ya kahawia iliyoingia wekundu. Silaha yake ni meno manne ya mbele, makubwa, ya rangi ya machungwa, yanayotokeza nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Kwa meno hayo huchimba. Huung'ata udongo, huusukuma nyuma kwa miguu, kisha hugeuka na kuusukuma kwa kichwa na kifua mpaka juu, na hivyo ndivyo vile vilima vinavyofanyika. Mtu akitia kidole mbele ya meno hayo ataumwa vibaya, na watoto wa Mutuini hulijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma.

Mwaka 1971 wataalamu wawili, Jennifer Jarvis na J. B. Sale, walichapisha habari za uchunguzi wao juu ya mashimo ya fuko wa Afrika ya Mashariki. Katika nchi hizi ziko namna mbalimbali za fuko. Yuko yule asiye na manyoya, akaaye katika nchi kavu za kaskazini na mashariki ya Kenya, ambaye huishi kwa makundi makubwa yenye malkia mmoja kama nyuki. Fuko wa Mutuini si wa namna hiyo. Yeye hukaa peke yake. Kila mmoja ana shimo lake, na dume na jike hukutana kwa kuzaana tu, kisha kila mtu kwake. Njia zake ndefu hupita chini kidogo ya mizizi ya mimea, mahali anapopata chakula. Na mahali penye kina zaidi ana chumba kimoja chenye majani makavu, ambamo hulala, huweka akiba yake, na hutenga upande wa kutupia uchafu. Ni kama mtu aliyepanga chumba kimoja mjini, jiko na kitanda pamoja.

Lakini tabia yake iliyo kubwa kuliko zote, ambayo juu yake mtego wote umejengwa, ni hii: hapendi mlango wazi. Njia yake ikitobolewa, hewa na mwanga vikaingia, yeye hakimbii kutoka nje. Huja mwenyewe mpaka pale palipotobolewa, akisukuma udongo mbele yake, ili azibe. Neno hili lishikwe vizuri.

Sasa ile habari ya mbali. Vijana wengine wa Mutuini wamesikia au wameona katika picha kwamba katika mashamba ya Uingereza wawindaji hawachimbi wala hawategi, bali humtia mnyama mdogo katika shimo, naye huwafukuza walio ndani. Husikika wakiulizana kwa nini mnyama huyo asiletwe Dagoretti akamalize fuko.

Mnyama huyo huitwa fereti. Ni wa ukoo wa kicheche, ila amefugwa kwa miaka mingi sana mpaka amezoea kushikwa mkononi. Mwili wake ni mrefu na mwembamba kama mkono wa mtoto, miguu ni mifupi, na rangi yake ni nyeupe au hudhurungi. Kazi yake ni ya zamani. Strabo, Mgiriki aliyeandika habari za nchi za dunia yapata miaka elfu mbili iliyopita, alieleza kwamba watu wa Hispania walisumbuliwa na sungura waliokuwa wakila mizizi na mbegu zao, wakawatumia wanyama wa jamii hiyo waliotoka Afrika ya Kaskazini, wakawafunga midomo na kuwaingiza mashimoni. Aliandika pia kwamba watu wa visiwa vya karibu na Hispania walituma wajumbe Roma kuomba nchi nyingine ya kukaa, maana sungura walikuwa wamewashinda. Mkulima wa Mutuini akisikia hayo hatawacheka.

Uwindaji wenyewe bado unafanywa Uingereza, zaidi wakati wa baridi, majani yanapokuwa yamekauka na mashimo yanaonekana wazi. Wawindaji huenda kimya mpaka mahali penye mashimo ya sungura. Sungura wa huko hukaa wengi pamoja, na makao yao yana milango mingi. Kila mlango hufunikwa kwa kijavu kidogo kilichofungwa kwenye kigingi. Kisha fereti huingizwa katika mlango mmoja. Watu husimama wakisikiliza. Mara husikika vishindo chini ya ardhi kama ngoma ya mbali, na sungura hutoka mbio, huingia kijavuni, na kijavu humfunga kama mfuko. Mwindaji humkamata na kumvunja shingo upesi asiteseke, hutandika tena kijavu chake, na kungoja mwingine. Taabu huja pale fereti anapomuua sungura chini kwa chini, akala, akashiba, akalala huko huko. Hapo wawindaji huchukua sepetu wakachimba, pengine mpaka jua linatua. Zamani walimfunga kamba ndefu. Siku hizi humvika mkanda wa shingoni wenye chombo kidogo cha redio, ili wajue yuko wapi.

Ni kazi nzuri kuitazama, na hutegemea jambo moja, yaani kwamba sungura akiona adui ndani ya nyumba yake hukimbilia nje.

Hapa yafaa kuondoa kosa moja la jina. Yule mnyama wa porini aitwaye sungura katika Kenya, mwenye masikio marefu na mbio kali, ambaye hadithi za Afrika ya Mashariki zimemsifu kwa ujanja, si ndugu wa karibu wa yule wa Uingereza. Huyu wetu wa porini hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi chini ya kichaka, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi, tayari kukimbia. Yule wa Ulaya huzaliwa shimoni, uchi na kipofu. Kwa hiyo fereti hana kazi yoyote kwa sungura wa nyika za Kenya, maana hakuna shimo la kumwingiza. Wazee waliomtaka sungura huyo walimfuata kwa mbwa na nyavu, na jambo hilo leo limekatazwa: Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 inamwadhibu hata yule anayewinda kwa ajili ya kitoweo chake. Kijana anayeingia Msitu wa Ngong na mbwa wanne hana la kujitetea.

Ndugu wa yule sungura wa Uingereza yuko Mutuini, lakini yumo kizimbani. Sungura wote wanaofugwa, weupe, weusi na wa madoa, ni uzao wa sungura wa Ulaya. Watu wenye kipande kidogo cha ardhi huwafuga kwa nyama na mbolea, na kule Ngong serikali ina kituo cha kuzalisha mbegu zao. Mtu akitaka kuthibitisha ukoo wao, amweke jike mwenye mimba juu ya udongo mtupu usiku mmoja. Asubuhi atakuta ameanza kuchimba, ingawa mama yake na bibi yake walizaliwa juu ya mbao.

Je, fereti angemweza fuko? Fikirini kwanza njia yenyewe. Njia ya fuko ni nyembamba, kadiri ya mwili wa mwenyewe, na pale anapopita hana milango ya wazi. Akisikia mtikisiko huziba nyuma yake kwa udongo alioushindilia. Fereti akiingia atakutana na ukuta, na nyuma ya ukuta kuna meno yanayokata mzizi wa mgomba. Tena hata kama angefika, fuko hangekimbilia juu kwenye kijavu, kwa kuwa juu si kwao. Angezidi kuchimba kwenda chini. Kijavu kingengoja bure. Na jioni fereti, akiwa na njaa, angetoka kwenye shimo la fuko na kuona mbele yake banda la kuku.

Jambo hilo la mwisho si mzaha. Mwaka 1859 Bwana Thomas Austin aliachilia sungura wapatao 24 katika shamba lake huko Victoria, Australia, apate kujifurahisha kwa kuwinda. Wakazaana mpaka wakawa balaa ya bara zima. Katika New Zealand, ambako sungura vile vile waliletwa wakaharibu malisho ya kondoo, wakulima waliachilia fereti na jamaa zake katika miaka ya 1880 ili wawamalize. Sungura hawakuisha. Fereti waliona kwamba ndege wa nchi ile wasioweza kuruka ni rahisi zaidi kukamatwa, wakawala hao, na mpaka leo watu wa New Zealand hutega mitego kuwaua fereti. Wala hakuna haja ya kwenda mbali namna hiyo. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 wapate kula takataka za mji. Wakazi wa pwani wanajua wenyewe vifaranga na mayai mangapi yamekwenda pamoja na takataka hizo.

Sasa turudi Mutuini, kwa watu ambao hawamtumi mnyama shimoni bali humfanya mwenye shimo aje.

Mtegaji hodari hutoka alfajiri au jioni. Huchukua jembe, panga, fito mbili au tatu mbichi zenye urefu wa kama mkono na nusu, uzi wa katani, waya mwembamba, na mikebe miwili iliyotobolewa chini ikawa wazi pande zote. Wazee walitumia mwanzi au kipande cha mti kilichokombwa ndani, na wako wasemao kwamba mti ni bora kwa kuwa hauna harufu ya duka.

Kwanza hutazama vilima. Kilima cha juzi kimekauka juu na hakifai. Hutafuta kile ambacho udongo wake bado una unyevu, kisha hutazama kilicho karibu nacho, akapima kwa macho mstari baina ya viwili hivyo, kwa sababu njia hupita hapo. Hutia kijiti ardhini polepole. Kijiti hushikwa na udongo, hushikwa tena, kisha mara huzama ghafula. Hapo ndipo njia ilipo. Hufukua kwa uangalifu mpaka njia imeonekana pande zote mbili, akatia mkono na kupapasa kuta zake. Zikiwa laini na ngumu, njia hiyo hutumiwa kila siku. Zikiwa na mizizi midogo inayoning'inia, mwenyewe ameihama, na mtegaji hufukia na kwenda kwingine. Wanafunzi wengi hushindwa hapa. Hutega mtego mzuri katika njia iliyokufa, wakangoja siku tatu, kisha wakasema wamerogwa.

Mtegaji hajui fuko yuko upande gani, kwa hiyo huweka mkebe mmoja kila upande, migongo ikielekeana. Ndani ya mdomo wa kila mkebe hulaza kitanzi cha waya, kikikumbatia ukuta wa mkebe ili kisionekane wala kisiguswe. Mwisho wa waya hupita katika ufa uliokatwa juu ya mkebe na kufungwa kwenye ncha ya ufito. Shina la ufito limechomekwa ardhini kwa nguvu, na ncha imepindwa mpaka chini. Huu ndio mtambo wa mtego. Kinachouzuia mtambo usifyatuke ni uzi mmoja tu wa katani, uliofungwa kwenye ncha ile ile, ukashuka ndani ya mkebe na kukaza katikati ya njia kama mstari wa kamba mlangoni. Kisha mtegaji hufunika mahali pote kwa majani na udongo, akaacha tundu dogo la hewa. Kabla ya kugusa chochote amekwisha kusugua mikono yake kwa udongo na majani ya viazi, maana pua ya fuko ni kali kuliko macho yake.

Hapo mtu huondoka kwa miguu mepesi, kwa kuwa fuko huyasikia mashindo ya ardhi kuliko mtu anavyosikia kengele.

Fuko, akiwa mbali, huona upepo umeingia nyumbani. Huja akisukuma udongo wa kuzibia. Hufika mkebeni, na mbele yake hukuta uzi. Katika maisha yake yote kila mzizi uliokaa njiani ameukata, na uzi huu kwake ni mzizi mwembamba. Huukata. Ufito hufyatuka juu, waya hukaza, na kazi imekwisha. Pengine ni baada ya nusu saa, pengine kesho yake. Mtegaji mwema hakai mbali, ili akiona ufito umesimama aje upesi ammalize mnyama kwa pigo moja.

Katika ulimwengu wa mitego, ni nadra kupata mtego mwingine ambao mnyama hufa kwa ajili ya bidii ya kutengeneza nyumba yake. Chambo hakihitajiki, ingawa wengine hutia kipande cha kiazi kwa mazoea.

Kazi hii imekuwa ujuzi wenye malipo. Katika Kiambu, Nyeri na sehemu nyingine za Mlima Kenya, na pia katika Dagoretti, wako watu wanaojulikana kwa kutega fuko, nao huitwa kutoka shamba hadi shamba. Desturi ni kulipwa kwa hesabu ya fuko waliokamatwa, wala si kwa siku. Mtegaji huja na maiti mkononi, mwenye shamba huhesabu na kutoa fedha. Utaratibu huo ni wa haki. Asiyejua kazi harudi na kitu, na mwenye shamba halipi maneno. Lakini watu wenyewe wanapungua. Wengi ni wazee, na vijana waliozaliwa kati ya nyumba za kupangisha hawakupata kukaa na babu shambani wakishika kijiti kile na kujifunza jinsi kinavyozama.

Ujuzi unapopungua, sumu huingia. Huu ndio ubaya ulio mkubwa kuliko fuko mwenyewe. Mtu hununua dawa ya wadudu kwa mchuuzi, pengine katika karatasi isiyo na jina, hupaka kwenye kiazi, na kukitia katika njia. Fuko akila hufa, au hutoka nje usiku akiwa hoi, na hapo huokotwa na bundi, au na paka wa jirani, au na mbwa wa nyumbani. Bundi ni mmoja wa wawindaji wakubwa wa fuko, hasa fuko wachanga wanaotoka usiku kwenda kutafuta mahali pao. Mabaki ya fuko hupatikana katika yale madonge ambayo bundi huyatapika. Anayemuua bundi kwa sumu amemfukuza kazi mtumishi asiyedai mshahara. Habari za dawa iitwayo Furadan zinajulikana. Ilitengenezwa kwa ajili ya wadudu wa mashamba, watu wakaigeuza kuwa sumu ya simba na tai, na mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza iliiondoa katika maduka ya Kenya. Tena katika shamba dogo la Mutuini tuta lile lile lililotiwa sumu ndilo litakalochimbwa viazi vya chakula cha jioni, na mtoto atakayekiona kiazi kilichopakwa dawa hatauliza kama kilikuwa cha fuko.

Wengine humwaga maji au huingiza moshi. Katika udongo mwekundu wa Dagoretti, ulio mzito na unaonyonya maji, mtu aweza kumwaga ndoo ishirini na fuko akabaki mkavu, kwa kuwa ameziba njia mapema. Moshi nao hukutana na kizibo kile kile. Wako pia wapandao mmea wa utupa kando ya shamba, wakisema harufu ya mizizi yake humfukuza. Mmea huo hauna gharama na hurutubisha udongo, kwa hiyo hakuna hasara kuujaribu. Ila usipandwe karibu na kijito au bwawa, maana ni huo huo ambao wavuvi wa zamani walitumia kulewesha samaki.

Fuko mmoja akiisha kukamatwa, mwenye shamba asikimbilie kusherehekea. Nyumba iliyo tupu chini ya ardhi haikai tupu muda mrefu. Fuko wa jirani huisikia kimya yake, au kijana aliyefukuzwa na mama yake huipata akaingia bila jasho, njia zote zikiwa zimekwisha chimbwa na viazi vikiwa pale pale. Kwa sababu hiyo wategaji wa Mutuini huuliza kwanza majirani wa pande zote mbili za ua kama nao wako tayari kutegewa siku hiyo hiyo. Shamba moja likisafishwa peke yake, kazi ni ya mwezi mmoja. Mistari mitatu au minne ya mashamba ikitegwa pamoja, kutoka barabarani mpaka mtoni, wenyewe hupumzika kwa majira mazima.

Baada ya hapo mtegaji hufukia pale alipofukua, hukanyaga vilima vyote vya zamani vikawa sawasawa na ardhi, na kumwambia mwenye shamba atazame kila asubuhi kwa siku nne. Kilima kipya kikitokea siku ya pili, alikuwako fuko wa pili. Kikitokea siku ya nne, ni mhamiaji. Ardhi ikikaa sawa, fito hutolewa, waya hukunjwa, na mikebe huoshwa kwa maji matupu bila sabuni na kuning'inizwa chini ya paa la banda la ng'ombe.